Mama Muhuri na Barua Zilizokaa Benchini

Leo, tarehe 30 Juni, mkuu wa masjala wa chuo chetu anatimiza miaka thelathini na minne ya utumishi na kustaafu kwa heshima zote. Sote hapa, kuanzia mkuu wa chuo hadi wapishi wa bwalo, tunamwita Mama Muhuri. Aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni mimi, karani wake kwa miaka kumi na mitano, na ninauandika nikiwa nimekalia kiti chake, nipate kujua tu kinavyokaa. Kinayumba kidogo.

Wageni wa chumba chetu watusamehe, hapa mambo huenda polepole. Mchana jua huingia dirishani likatambaa kwenye rafu za majalada, moja baada ya nyingine, na feni huzunguka kivivu kana kwamba inakumbuka jambo. Saa kama hizo Mama Muhuri alikuwa akisita, muhuri ukiwa hewani, macho yake yakiwa mbali. Wafanyakazi wapya walidhani amelala. Dereva wa chuo naye alidhani hivyo, akanyata kuchomeka ombi la ruhusa la wiki iliyopita kwenye rundo la asubuhi ile. Bila kugeuza shingo, Mama Muhuri akamkumbusha kwamba leo ni Alhamisi, na muhuri wake haurudi nyuma. Dereva aliruka kidogo, na tangu siku hiyo hubisha hodi.

Alianza kazi kama mpiga chapa, enzi za taipureta na karatasi za kaboni. Aliyemfundisha masjala alimwachia kanuni moja, naye akaishika kama watu wanavyoshika swala: barua isiyo na muhuri haijafika. Kila karatasi inayoingia hugongwa tarehe, hupewa nambari kwenye daftari la mwaka huo, na aliyeileta huondoka na nakala yenye muhuri uleule. Alikuwa na ndoto pia, aliyokuwa akitusimulia wakati wa chai. Aliota droo za ofisi zote zikifunguka zenyewe, na barua zilizopotea zikitoka kimya kimya, zikaja kukaa kwenye benchi letu la nje, zikingoja kuitwa. Sisi tulicheka. Yeye aliinywa chai yake akiangalia benchi.

Miaka hiyo ilikuwapo aina moja ya habari ambayo haikuandikwa kabisa. Msichana aliyeshikwa maungo na mhadhiri, mfanyakazi aliyenyimwa nafasi kwa kuwa ni mwanamke, wote waliambiwa wakazungumze. Wakazungumze na nani? Mara nyingi na yule yule. Kwa kuwa hapakuwa na karatasi, ripoti ya mwaka ya chuo ilisema hapakuwa na tatizo.

Wakubwa wetu, kwa nia njema kabisa, waliwahi kutundika sanduku la malalamiko ya unyanyasaji wa kingono. Walilitundika mlangoni mwa chumba cha mapumziko cha wahadhiri, wakalipaka rangi nyekundu ili lionekane. Likaonekana. Aliyetaka kutumbukiza karatasi alipaswa kupita mbele ya wahadhiri wanane wakinywa chai. Baada ya mwaka likafunguliwa kwa hotuba fupi, na ndani mkakutwa ganda la peremende na ombi la kuongezewa sukari, kwa mwandiko ambao sote tuliutambua.

Mama Muhuri alicheka hadi akashika meza. Alipomaliza kucheka akasema kwamba masjala kila mtu ana sababu ya kuja: kuulizia barua, kugongesha fomu, kufuatilia cheti. Hakuna anayemshangaa aliyesimama dirishani kwetu. Basi mwenye jambo na aje aulizie barua yake, kumbe ndiyo ameileta. Neno hilo alilipenyeza bwenini kupitia kwa mfua nguo, ambaye hakuwahi kushindwa kufikisha habari.

Wiki chache baadaye akaja binti wa mwaka wa tatu, akaulizia barua kutoka kwa kaka yake. Hakuwa na kaka. Alikuja siku tatu mfululizo, na siku ya tatu Mama Muhuri akamwambia kwamba ya kaka bado, lakini kama ana ya kumjibu anaweza kuiacha. Binti akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

Kilikuwa na maneno ya nusu ukurasa. Mhadhiri alimtaka aende nyumbani kwake kuchukua alama za mtihani. Hakwenda, na alama zikawa hazionekani. Bila hizo hakuna kuhitimu, na wazazi wake walikuwa wameshaanza kuulizia tarehe ya mahafali. Mkuu wa idara alishamshauri arudi akaongee vizuri na mwalimu wake. Mama Muhuri hakumuuliza alikuwa amevaa nini. Alikinyoosha kikaratasi kwa kiganja, taratibu, kama anayenyoosha nguo ya mtoto mchanga, akakigonga, akakipa nambari 214, akampa nakala. Binti aliitazama ile nakala muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipoamini kwamba amesikika.

Kesho yake mkuu wa idara akashuka mwenyewe, na tabasamu la mtu aliyekuja kuazima kalamu. Alisema mambo haya tuyamalize kifamilia, na kwamba ukurasa mmoja ukitoka kwenye daftari hakuna atakayekufa. Mimi nilikuwa na miezi michache kazini, kwa hiyo nilipiga magoti nikatafuta jalada chini ya meza. Nikiwa huko nilimsikia Mama Muhuri akijibu kwa upole wake wa usingizini kwamba atautoa kwa furaha, mara tu atakapoletewa ombi hilo kwa maandishi, ambalo nalo atalipokea, ataligonga muhuri na kulipa nambari 215. Mkuu wa idara aliangalia feni kidogo, akapanda ngazi. Nambari 215 ilikuja kuwa ombi la chaki.

Kamati ikaketi. Karatasi ya mtihani ikasahihishwa na mwalimu wa chuo kingine, alama zikapatikana, mhadhiri akafukuzwa, na binti akahitimu pamoja na wenzake. Siku ya mahafali alipita dirishani na joho lake, akaulizia barua ya kaka yake. Mama Muhuri alilia waziwazi, mimi nikamfuatia, na mpiga picha wa chuo akatukuta tukiwa na nyuso hizo. Picha ipo, ila hatuitoi.

Baada ya hapo barua zikaja. Akaja msaidizi wa maabara aliyefutwa kwenye orodha ya mafunzo kwa sababu ni mjamzito. Akaja mwanafunzi wa kiume aliyedhani barua za namna hiyo ni za wasichana tu. Mama Muhuri akaandika utaratibu ambao chuo kinautumia hadi leo: lalamiko halipiti kwa anayelalamikiwa wala kwa mkubwa wake, jina la mlalamikaji hukaa kwenye jalada lililofungwa, na jibu hutoka ndani ya siku kumi na nne. Akatuambia benchi la ndotoni limebaki karibu tupu. Ipo barua moja tu, mwishoni, imempa mgongo.

Wiki iliyopita tulipokabidhiana funguo, nilikuta bahasha chini kabisa ya droo yake. Ndani mlikuwa na nakala ya kaboni iliyofifia, ya malalamiko yake ya miaka ishirini na minane iliyopita. Mama Muhuri alikuwa ameomba ukuu wa masjala. Waliomsaili walimuuliza watoto atawaachia nani na kama mume ameridhia, kisha nafasi wakampa mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Akaandika malalamiko, akayaweka mkononi mwa afisa utawala wa wakati huo, ambaye aliyatia drooni na kumshauri akapumzike. Hayakugongwa wala kujibiwa, na alipofuatilia hakuna aliyekumbuka kuyaona. Ukuu aliupata miaka kumi na mmoja baadaye.

Alicheka, akaniambia niichanganye na karatasi za kuchoma. Nilimuuliza kama hii ndiyo ile ya mwisho wa benchi. Aliitazama feni, akasema huenda.

Mama Muhuri, samahani, sikuichoma. Jana mchana, ulipokwenda jikoni kuaga, niliinyoosha kwa kiganja kama ulivyonifundisha, nikaigonga, nikaipa nambari 388. Nakala yako imo ndani ya bahasha ya zawadi. Kwa utaratibu ulioandika mwenyewe, chuo kina siku kumi na nne za kukujibu, na mimi ndiye nitakayezihesabu.

Tunakushukuru kwa kila karatasi uliyoiamini. Tunakuombea siku ndefu zisizo na haraka, usingizi mtamu wa mchana, na benchi tupu. Barua yako imefika.