Mikono Iliyoitikiwa Amina: Mzee Aron Mtewele Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Aron Mtewele anavua koti lake jeupe, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwahudumia watu wa Njombe na Makambako katika kitengo chetu cha fiziotherapia. Koti lenyewe tumemwomba aliache. Limechoka kuliko yeye.

Alifika hospitalini kwetu mwaka 1991 akitokea chuoni Moshi, kijana mwembamba mwenye viganja vipana kama vya mpasua mbao. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha lisilofungika vizuri. Sisi wauguzi tulidhani kazi yake ni kuwatembeza waliovunjika miguu, basi.

Kumbe mwenzetu alikuwa na ugonjwa wake aliopenda kuutibu. Ni ule ambao wengi huuchukulia mzaha: kichwa kinachouma mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Kwanza alihakikisha daktari amempima mgonjwa na kuondoa hofu ya magonjwa mabaya, na hapo hakuwa na mzaha hata kidogo. Kisha alimlaza chali, akaingiza vidole chini ya kisogo, akatulia hivyo, akiisikilizia misuli ya shingo mpaka ilegee. Watu walilalamika, lo! Mtu katoka mbali huko Matamba na baridi yote ile, kasema kichwa, huyu mzee anahangaika na shingo.

Na Juni ya Njombe mnaijua. Mkono wa baridi shingoni unaweza kumrusha mtu kutoka kitandani, kwa hiyo Mzee Mtewele aliichovya mikono kwenye maji ya moto kwanza. Maji hayo aliyamimina kutoka chupa yetu ya maji ya chai. Tumekunywa nusu kikombe miaka yote hiyo tukanyamaza. Leo tunasema.

Sasa, huku kwetu mtu akikushika kichwa kimya kimya, nawe ukafumba macho, hiyo ni sala. Mkatoliki anajua, Mlutheri anajua: umewekewa mikono. Basi wagonjwa wakawa wanaomba humo humo kitandani, na Mzee akiondoa vidole tu, wanaitikia Amina, wanavaa viatu, wanashika njia. Mmoja aliacha jogoo mlangoni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mzee Mtewele, ambaye ni mzee wa kanisa, aliona haya kuwakatiza, akawa anaitikia Amina na yeye.

Kicheko kilituishia kwa sababu ya Emerensiana Luoga. Mama huyu ana mgahawa njia panda ya Makambako, anawapikia madereva wa malori. Kichwa kilikuwa kimemtesa miaka, vipimo havionyeshi kitu, mashemeji wakaanza kusema anajifanyisha. Dawa za maumivu alizitafuna kila siku kama karanga. Alipofika kwenye kliniki ya Alhamisi ambayo Mzee aliiendesha kule Makambako, alisema hii ni mara ya mwisho. Ikishindikana, anafunga mgahawa alioujenga kwa jasho lake, anarudi Matamba kwa kaka zake akakae tu.

Akashikwa shingo, akapata nafuu palepale. Akaitikia Amina, akaondoka. Hakusubiri kuonyeshwa mazoezi wala kupangiwa siku ya kurudi, maana nani anapangiwa tarehe ya kurudi akishaombewa? Wiki haikuisha, kichwa kikarudi na ukali wake. Maskini, akaamua moyoni kwamba imani yake ni haba na Mungu amemkataa. Akaanza kufunga vyombo.

Jirani yake alipotuletea habari hizo, Mzee Mtewele alipanda gari siku hiyohiyo. Alikuta sufuria zimeshafungwa kamba. Alikaa kwenye benchi la wateja, akamwambia mbele ya mashemeji kwamba kichwa kinamuuma kweli, hajifanyishi, na alichofanyiwa kilikuwa tiba, hakikuwa sala, kwa hiyo Mungu asisingiziwe. Maumivu yakikaa miaka, alieleza, ubongo unazoea kujihami. Unakuwa kama mbwa mkali anayembwekea hata mwenye nyumba. Mkono unaoigusa shingo taratibu, tena na tena, pamoja na mazoezi, unamzoesha mbwa huyo kwamba hapa hakuna mwizi. Lakini hazoei kwa siku moja.

Mama Emerensiana akauliza kama kumbe mtu anaweza kupata nafuu bila kuwa mtakatifu. Mzee akamjibu kwamba angekuwa anangoja watakatifu, kliniki yake ingekuwa tupu.

Kamba zikafunguliwa. Alhamisi iliyofuata mama alirudi, na nyingine, na nyingine. Daktari akampunguzia dawa kidogo kidogo, na mazoezi akayafanya jikoni akingoja wali uive. Maumivu ya kila siku yakawa ya mara mojamoja.

Tangu hapo kliniki ikapata sheria mpya: macho wazi, na hakuna kuinuka mpaka mgonjwa aonyeshe zoezi lake mwenyewe. Mzee Mtewele amewafundisha hivyo wataalamu wote vijana waliopita mikononi mwake, akiwemo Rejoice Sanga anayemrithi. Mzee aliporudi kutoka semina Dar es Salaam, alikoonyeshwa picha za ubongo wa watu wenye maumivu sugu, hakuongea kitu kingine mwezi mzima. Tulikoma! Ila kila mara alimalizia kwa kusema watafiti bado wanachunguza, tusije tukamtangaza mjini kuwa anatengeneza ubongo.

Mama Emerensiana aliposikia mzee anastaafu, aliingiwa na hofu, akauliza sasa nani atamshika kichwa. Mzee alimwambia kazi yake yote ilikuwa kumfanya asimhitaji. Tukamwalika kwenye sherehe hii ya kumuaga Mzee, tukamtengea kiti cha mbele. Juzi akapiga simu kuomba radhi: malori yamejaa Makambako, wateja wamepanga foleni, kichwa kizima, hawezi kuja kabisa. Tulimpa Mzee Mtewele taarifa hiyo tukidhani atasikitika. Alikaa chini, akacheka, akalia, akaomba tumrudie maneno yale tena. Kiti kile tutakiacha wazi.

Asante sana, Mzee wetu. Tunakupenda, na tutakukumbuka mno. Tunakuombea mapumziko marefu, afya tele kwako na kwa Mama Tabea nyumbani, na simu nyingi za watu wasioweza kuja.

Lidia Msigwa, muuguzi,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako