Neno Aliloligawa Mama Kata

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuta kiti, punguza moto jikoni, na kama kuna mtu anapiga soga hapo sebuleni, mwombe kwa upendo atupishe kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Kata. Mwigizaji, mtengenezaji wa filamu, mpigania haki sawa za wanawake. Mama Kata ametutoka wiki hii, nyumbani kwake, katikati ya watu wake.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata kazini.

Alikuwa bado binti, akiigiza mke katika mchezo wa runinga. Siku hiyo mume wa mchezoni alitakiwa kumpiga kofi. Kofi la kuigiza, wasikilizaji. Lakini mwongozaji alitaka lisikike, basi likapigwa la kweli. "Rudieni." Likapigwa tena. "Rudieni, halijanoga." Shavu likavimba hadi poda ikawa haishiki. Mkono ulipoinuka tena, binti yule akapaza sauti: "Kata!"

Kwa wasiojua mambo ya filamu, "kata" ndilo neno la kusimamisha kamera. Hulisema mwongozaji. Wengine wote, kimya. Lakini mpiga picha, kwa mazoea tu, akazima kamera.

"Nani kasema kata?"

"Mimi."

"Hilo neno ni langu."

"Na shavu ni langu."

Yule mpiga picha ni mzee sasa. Jana alinisimulia huku anacheka na kufuta machozi. "Kidole kilimtii kabla kichwa hakijaelewa," alisema. "Nikajua hapa kibarua kimeota nyasi."

Na kweli kikaota. Wote wawili walitimuliwa. Wiki iliyofuata yule mke wa mchezoni akafa ajalini, na ajali yenyewe hata hatukuonyeshwa! Tulibaki midomo wazi.

Mdogo wake Mama Kata alikuwa na saluni, na ndiye aliyempokea. Ameniambia hivi: "Dada alilala kwenye kochi la wateja. Nikamwambia, dada yangu, omba msamaha yaishe. Akaniuliza, niombe msamaha kwa sababu nimeumia? Nikamletea chai."

Filamu yake ya kwanza ilipigwa humo humo saluni, mashine za kukaushia nywele zikiwa zimefunikwa shuka, kamera ya kuazima, mpiga picha yule yule. Kwenye kioo aliandika kanuni moja kwa rangi ya midomo: ANAYEUMIA ANASEMA KATA. Si mwongozaji peke yake. Mwigizaji, mfagiaji, mleta chai, yeyote. Watu walimcheka, eti kwa mtindo huo hakuna filamu itakayoisha. Zikaisha, moja baada ya nyingine, na tukapanga foleni kuzitazama.

Kisha akaitoa kanuni hiyo nje ya saluni. Alikibana chama cha waigizaji mpaka ikaingia kwenye mikataba: mwanamke anayeumizwa asimamishe kazi, na asifukuzwe. Akaenda viwandani, vyuoni, maofisini, akidai malipo sawa na sauti sawa. Alizomewa, alisifiwa, aliambiwa akalee watoto. Alijibu kwamba anaye mmoja, na anamlea vizuri tu.

Huyo mmoja, wasikilizaji, ndiye aliyeigiza naye filamu ya mwisho. Mama Kata aliongoza, na pia aliigiza bibi anayedai nyumba yake. Alikuwa mgonjwa, na alituficha. Baina ya tukio na tukio alijilaza juu ya masanduku ya mavazi, akisema anafikiria. Siku moja akasimama kurudia tukio, mkono umeshika ukuta, jasho linamtoka. Binti yake alikuwa mbele yake. Filamu hiyo ndiyo ndoto ya mama. Akiisimamisha, huenda isimalizike. Asipoisimamisha, je?

"Kata," binti akasema.

"Nani kasema kata? Mimi sijamaliza!"

"Unaumia, mama. Na kanuni ni yako."

Mama Kata akamgeukia mpiga picha wake. Mzee alikuwa ameshazima. Basi akaangua kicheko, akakaa chini pale pale, akasema, "Haya, mmenipata. Nipelekeni nyumbani. Malizia wewe, mwanangu."

Walimpeleka nyumbani. Mdogo wake alimsuka nywele, mjukuu alimsomea magazeti, marafiki walikuja wakacheka naye. Familia inalishukuru sana neno lile la binti. Bila hilo, wanasema, angeangukia kazini na wasingemuaga.

Filamu imemalizika. Binti ameimalizia, na mwishoni ameiacha sauti ya mama yake akicheka.

Kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, kwa mjukuu na kwa mzee wetu wa kamera: poleni sana. Machozi yenu ni yetu pia. Na asanteni kwa kutuazima mama yenu miaka yote hiyo.

Nawe unayenisikiliza, tazama hapo ulipo. Nyumbani kwako, kazini kwako, kuna mwanamke anayeumia na hajapewa neno la kusema. Mpe. Na siku atakapolisema, usimuulize nani kamruhusu. Zima kamera.