Mama Gundi na Daftari la Maoni ya Wazazi

Sauti iliyonibakia kichwani ni ya kiti cha chuma kikikwaruza sakafu ya saruji. Ilidumu sekunde moja tu, katikati ya kimya cha watu arobaini. Aliyekisukuma kiti hicho nyuma ni mkutubi wa chumba cha watoto katika maktaba yetu, ambaye tarehe 30 Juni anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi.

Nitaeleza alisimama kwa nini. Lakini wasifu una utaratibu wake, na yeye ni mtu wa utaratibu, kwa hiyo tuanzie mwanzo.

Aliajiriwa kama msaidizi katika chumba cha kujalidi vitabu, kule chini kusiko na dirisha. Kwa miaka sita alishona migongo ya vitabu, akaipaka gundi na kuibana mpaka ikauke. Kisha akatumwa juu kwa wiki mbili kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi. Mwenzake alijifungua, akarudi kazini, akakuta watoto wamepanga foleni na vitabu vilivyochanika, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuhudumiwa na mtu mwingine. Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo.

Jina la Mama Gundi alipewa na watoto hao. Inasimuliwa kwamba mmoja alileta kitabu kilichoachana vipande viwili, akasema kwa huzuni kimekufa. Mama Gundi alikigeuza, akakipapasa mgongo, akamjibu: "Hakijafa. Kimeteguka."

Alikuta rafu moja ya vitabu vya picha. Anaacha kumi na moja. Rafu zote ni fupi, kwa sababu mwaka fulani alimwita seremala azikate miguu ili mtoto wa miaka mitatu afikie ya juu, bila kumwomba mtu ruhusa. Barua ya onyo aliyoandikiwa bado imo kwenye faili lake. Rafu nazo bado ni fupi.

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ni daftari. Baba mmoja alirudisha kitabu cha picha kwa hasira, akalalamika kwamba simba wa ukurasa wa tano anafanana mno na baba mkwe wake, na sasa mtoto hataki kwenda kumsalimia babu. Mtu mwingine angecheka. Mama Gundi alichukua daftari la jalada gumu, akampa kalamu. "Yaandike hayo, baba. Kwa mkono wako."

Tangu siku hiyo kila mzazi anayerudisha kitabu cha picha huandika anachokifikiria, kwa mkono wake, na hakuna anayemsahihisha. Madaftari yamefika kumi na tisa. Dereva wa basi aliandika: "Basi hili halina vioo vya pembeni. Litaua watu." Muuguzi mmoja: "Sungura hana adabu na mwisho haadhibiwi. Mwanangu amefurahi sana, na hilo ndilo tatizo." Baba wa mapacha: "Kizuri, ila kirefu. Nililala mimi." Mama Gundi huyasoma yote kabla ya kuagiza vitabu vipya, na hajawahi kuagiza nakala nyingine ya kitabu ambacho daftari limekikataa.

Miaka mitatu iliyopita alianza kuja mama mmoja mshonaji, mwenye kibanda cha cherehani mtaa wa nyuma, pamoja na binti yake wa pekee. Mama huyo sisi tunamwita Fundi. Maoni yake ndiyo makali kuliko yote katika madaftari kumi na tisa. Kuhusu kitabu kimoja alisema: "Mama huyu ukurasa wa pili vifungo vya gauni viko kulia, ukurasa wa sita vimehamia kushoto. Ama ana magauni mawili ama mchoraji alisinzia." Kuhusu kingine: "Bibi anatunga uzi huku anatazama dirishani. Atajichoma." Na kuhusu kitabu kilichokuwa kimepata sifa kila mahali: "Mtoto amechorwa analia, lakini mabega yake hayalii."

Fundi hajui kusoma wala kuandika. Mama Gundi aliligundua hilo mapema. Mara ya kwanza Fundi alisema amesahau miwani, mara ya pili pia. Mara ya tatu Mama Gundi alimwambia, "Basi wewe sema, mimi niandike. Miwani ninayo mimi." Kwa miaka mitatu aliivunja sheria yake mwenyewe kila Jumamosi, kwa sauti ya chini, kwenye kona ya meza.

Nyumbani Fundi alimfungulia binti yake vitabu hivyo na kumsimulia kwa kufuata picha. Binti aliamini kwamba mama anasoma. Alipofika darasa la pili na kuanza kusoma mwenyewe, Fundi alianza kuchagua vitabu vyenye maneno machache, kisha vyenye machache zaidi. Alichokuwa anakiogopa ni kitu kimoja tu: mtoto ajue.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa na miezi saba kazini.

Siku ya Wazazi ya mwezi Machi ilikuwa wazo langu. Nilichapa maoni kumi bora kwenye kadi za rangi, nikawaalika wenyewe waje kuyasoma mbele ya wazazi wenzao. Orodha nilimficha Mama Gundi. Nilitaka afurahi ghafla. Niliona wazi kwamba maoni ya Fundi yote yameandikwa kwa mwandiko wa mviringo wa Mama Gundi. Nikajijibu haraka kwamba mshonaji hana muda. Nina shahada ya ukutubi, na nililitazama jambo hilo ukurasa baada ya ukurasa bila kuliona.

Dereva wa basi alifungua, watu wakacheka. Muuguzi na baba wa mapacha wakafuata. Fundi alikuwa wa nne. Nikamwita mbele, nikamkabidhi kadi.

Aliishika kwa kingo, kwa mikono miwili, kama picha ambayo wino wake haujakauka. Binti yake alikuwa mstari wa mbele juu ya zulia, tayari ameanza kutabasamu. Fundi aliitazama kadi. Aliendelea kuitazama.

"Soma, mama, tunakusikiliza," mtu akasema kutoka nyuma.

"Mwacheni, ana haya."

"Haya gani? Mbona anapokupima kiuno hana haya?"

Wachache walicheka. Fundi akaigeuza kadi upande wa nyuma, kisha akairudisha. Nami nilisimama hatua mbili kutoka kwake, nikiwa nimeanza kuelewa, na kila nilichofikiria kufanya kilikuwa kibaya kuliko kunyamaza. Hapo binti akapiga magoti juu ya zulia, akasema kwa wema kabisa: "Mama, nikusomee?"

Ndipo kiti kilipokwaruza.

Mama Gundi alikwenda mbele bila haraka. Alimtoa Fundi kadi mkononi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni. "Samahanini," akasema. "Huyu binti yangu wa ofisini amechanganya kadi. Na fundi wa nguo hatumwiti hapa atusomee. Tunamwita atuonyeshe." Akavuta kitabu rafuni, akakifungua ukurasa wa pili. "Haya, Fundi. Waonyeshe vifungo vilikohamia."

Sauti ya Fundi ilianzia chini kabisa. Alionyesha vifungo, kisha pindo lililokuwa refu mbele na fupi nyuma, kisha mfuko ambao mkono wa mtu mzima usingeingia. Alipofika ukurasa wa sita watu walikuwa wamesimama wakirefusha shingo. Fundi mwenzake, mwanamume wa makamo, akakubali kwa sauti: "Huyo mchoraji hajawahi kuvaa gauni."

"Wewe umevaa lini?" mkewe akamuuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Makofi yakapigwa. Nikadhani tumevuka. Lakini Fundi alipomaliza alikirudisha kitabu mezani, akamshika binti mkono, akaondoka bila kuazima chochote. Mtoto aliendelea kugeuka nyuma. Macho yake hayakuwa kwangu wala kwa mama yake. Aliutazama mfuko wa aproni.

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Wala iliyofuata hiyo.

Mama Gundi hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliniita chini kwenye chumba cha kujalidi, akanipa brashi ya gundi, tukaanza kupaka migongo ya vitabu. Baadaye akasema, "Kosa ni letu wawili, mwanangu. Siri niliifungia vizuri mno, hata wewe unayekaa meza moja nami nikakufungia nje."

Nilimwambia nitakwenda kibandani kuomba radhi.

"Uende na uso huo? Kabla hujafungua mdomo wateja wote watakuwa wameshajua. Tulia."

Kutulia ni kazi ngumu. Aprili ikapita. Tarehe ya kustaafu ilikuwa imeandikwa ukutani katika kalenda ya ofisi, na kila Jumamosi Mama Gundi aliliweka daftari kwenye kona ileile ya meza, akalifungua, na jioni akalifunga. Nilianza kuhofia kwamba ataondoka jambo hili likiwa bado wazi, na kwamba miaka yake yote ya kazi itaishia kwenye kadi moja niliyoichapa mimi.

Mwezi Mei alipeleka aproni yake kibandani ishonwe mfuko. Wiki iliyofuata alipeleka sketi. Wiki ya tatu nilimfuma ofisini akifumua pindo la blauzi isiyo na kasoro kwa mkasi mdogo wa kukatia karatasi. Aliponiona alisema tu, "Nguo za siku hizi hazidumu," akaendelea kufumua. Kule kibandani, nilikuja kuambiwa, hakutaja kitabu hata mara moja. Alikaa kwenye stuli, akangoja nguo yake, akaondoka.

Fundi alikuja Jumatano moja saa sita mchana, wakati chumba hakina mtu. Mama Gundi alikuwa chini. Nilikuwa peke yangu, na maneno yote ya kuomba radhi niliyoyapanga tangu Machi yakanitoka kichwani.

"Dada, nimemwambia mwanangu," Fundi akasema.

Nikamwomba aketi. Hakuketi.

"Anasema anajua tangu mwaka jana. Alinuna siku mbili. Si kwa kuwa sijui kusoma, ni kwa kuwa nilimficha. Siku ya tatu akaniuliza kama yule kuku mwenye kilemba niliyekuwa nikimsimulia yumo kweli kwenye maneno ya kitabu." Akashika mgongo wa kiti. "Nikamwambia hayumo. Nilimtunga mimi. Akalia, dada. Alimpenda sana yule kuku."

Nilimuuliza kama kuku huyo alikuwa na vifungo.

"Vitatu," akasema. "Mbele." Na hapo ndipo alipoketi.

Mama Gundi alipopanda ngazi alitukuta tumekaa hivyo. Alilivuta daftari, akatafuta kalamu, kisha akabadili nia na kunisogezea mimi vyote viwili. Fundi alinitazama kwa muda, kama anavyokitazama kitambaa kabla ya kukikata. Halafu akaanza kusema, nami nikaandika. Niliandika mbio ili asiniache nyuma; mistari yangu ya kwanza katika daftari la kumi na tisa ni mibaya kuliko ya mzazi yeyote. Mama Gundi hakusahihisha.

Nimemuuliza Fundi mara mbili kama naweza kuyaandika haya katika kijitabu cha sherehe ya kumuaga Mama Gundi. Alinijibu: "Andika. Mwanangu anajua. Hao wengine ni wapita njia. Ila usinipambe." Nimejitahidi.

Mama Gundi, wenzako wa chumba cha watoto, wa kujalidi na wa mapokezi tunakushukuru. Tunashukuru kwa rafu zilizokatwa miguu, kwa watumishi saba uliowafundisha kazi bila kuwatisha, na kwa wazazi mamia ambao hawakuwahi kuulizwa popote pengine wanafikiria nini kuhusu kitabu. Tunakuombea afya, miguu isiyovimba, na asubuhi ambazo hakuna anayekungoja mlangoni ila kwa kukupenda. Uishi vizuri, na uje utuone.

Limebaki jambo moja la ratiba. Kamati ya sherehe ilipendekeza kwamba mwenyekiti wa kamati ya wazazi azungumze kwa niaba ya wazazi, kwa kuwa hotuba yake iko tayari, kurasa nne. Jumanne nilikwenda kibandani, nikakaa kwenye stuli, nikamwomba Fundi azungumze yeye. Alishona mkono mzima wa shati kabla ya kunijibu. Kisha akauliza kama binti yake anaweza kukaa mbele, na nikamwambia nafasi hiyo ni yake. Mkuu wa maktaba aliniandikia akitaka nakala ya hotuba ili ipitiwe. Nimemjibu kwamba nakala haitakuwepo. Jina la Fundi limo kwenye ratiba, la tatu kutoka juu, na ratiba ilikwenda kwa mpiga chapa jana asubuhi.