Nje ya Uzio

Kila treni ilipoondoka Urambo, mwalimu Vestina alifumba macho mpaka Tabora, maana kufundisha kulikuwa kumemmaliza. Safari hii usingizi haukufika. Msichana wa shule aliyeketi mbele yake alifunga riwaya na kuguna, na mama wa Kinyamwezi aliyekuwa pembeni yake akamuuliza kulikoni.

"Ni vijana wa makundi mawili, mama, wa mjini na wa ng'ambo ya reli. Wanapigana, mmoja wa mjini anafariki. Wale wa ng'ambo wanakuja mazikoni lakini wanabaki nje ya uzio. Tumeulizwa kwa nini hawaingii."

"Hawana utani hao," alisema mama. "Tulipomzika mume wangu, mtani wetu Mzaramo alijilaza kaburini, akasema marehemu atafute kwingine, hapo keshapapenda yeye. Tukacheka huku tunalia. Kisha akashika koleo, akafukia kwa bidii kuliko ndugu. Andika hivyo."

Vestina aliwaza kuwa msahihishaji asingetoa hata alama moja kwa jibu hilo, na wazo lenyewe likamchosha zaidi.

"Mimi kwetu Ulyankulu," alisema msichana taratibu. "Babu zangu walitoka Burundi. Bwenini wasichana wa mjini wananisalimia vizuri, nikipita wananipisha."

"Si ndiyo adabu, mwanangu?"

Treni ilikuwa inaingia Tabora, watu wakaanza kushusha mizigo. Msichana alibaki ameketi, riwaya mapajani.

"Adabu yao siitaki, mama. Nataka wanitanie."