Emily Kadii na Chumba cha Njiwa

Mchungaji, wazee wetu, mama zetu, jirani wa Kisumu Ndogo, nanyi wenzake wa kazini mliotoka Watamu, mimi ni Mwambire Kaingu, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome, ingawa mkono uliostahili kuishika si wangu, na mtaelewa kwa nini.

Emily Kadii Kaingu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1985 huko Ganda, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kaingu Mwaringa na mama yetu Kahonzi, huyu mnayemwona hapa mbele. Alianza shule ya msingi mwaka 1992, akamaliza mwaka 1999, kisha akajifunza ushonaji Malindi mjini, akaipenda cherehani kuliko chakula, lakini mwaka 2006 akaajiriwa kusafisha vyumba katika hoteli moja Watamu, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa, na hata nyumbani hakuiacha, kwani ukikaa vibaya na vumbi lako, alikupangusa na wewe.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na shemeji yetu Gerishom, aliyeteremka kutoka bara kutafuta kazi akapata na mke, na Mungu akawajalia Lynn mwaka 2010, na Jimmy mwaka 2014.

Mwaka 2019 alipatikana na kisukari, akavumilia. Alitamani sana kuwa na duka lake la kushonea, na mwaka huu tukakubaliana apewe chumba cha uani alichofugia baba njiwa, chumba kisichoingia jua, ambamo njiwa wa mwisho alitoka mwaka 2022, ila mavi yao yalibaki, makavu, yameganda sakafuni na kwenye mbao.

Jumanne tarehe 11 Machi alikuja na ufagio, akaniomba ndoo moja ya maji alowanishe kwanza, maana kazini walimfundisha kwamba uchafu kama ule haufagiliwi mkavu, nami, kwa kuwa mfereji ulikuwa umekauka siku nne na mitungi iliyobaki nilikuwa nimeifungia, nikamwambia asiniletee mambo ya hoteli, mavi ya kale hayanuki, afagie tu. Alicheka, akajifunga leso puani, akafagia hadi adhuhuri, akatoka mweupe kama mtu aliyetoka kusaga unga, nami nikamtania.

Katikati ya Aprili kichwa kilianza kumuuma, tukasema ni malaria, tukasema ni sukari, tukasema ni uchovu, hata shingo ikakakamaa na macho yakaona viwili viwili, akalazwa Ijumaa tarehe 2 Mei, na maji ya uti wa mgongo yalipopimwa ikaonekana kuvu imeingia kwenye utando wa ubongo. Daktari alitueleza taratibu kwamba kuvu hiyo huishi miaka katika mavi makavu ya njiwa, hasa mahali pasipo jua, kwamba wengi huvuta vumbi lake wasidhurike, na mwili uliodhoofishwa na maradhi ndio hushindwa. Nilimuuliza kama ni chumba kile, akasema hawezi kuapa. Mimi naweza.

Nilimwomba Kadii msamaha pale kitandani, alikuwa bado anasikia, akaniuliza kama Lynn amekula. Alituacha Jumatatu tarehe 19 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa hotelini waliopokezana kumlinda, na ninyi jirani, mliotuletea maji ya kupikia waombolezaji hata uani hapana pa kukanyaga kwa mitungi. Mwenye banda la njiwa nyumbani, namsihi alowanishe kwanza, afunike pua, na mgonjwa asiingie kabisa. Shemeji Gerishom, Lynn, Jimmy, nimewakosea, na sina la kujitetea.

Kadii, mdogo wangu, jana nilichukua ndoo moja katika maji hayo ya jirani, nikafunga pua, nikaingia chumbani mwako, nikalowanisha sakafu yote na mbao zake, na ndoo hiyo moja ilitosha. Pumzika kwa amani.