Pikapu ya Mzee Abdifatah Inavuja

Kijiwe hiki cha Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, kina benchi moja tu, na benchi lenyewe ni ubavu wa lori uliolazwa juu ya mawe mawili, mkabala na mtu wa pancha. Mbele yake ni jiko la Asho na birika lake la kahawa ya tangawizi. Nyuma yake ni ukuta wenye kivuli mpaka adhuhuri, na kivuli kikiisha hata maneno huwa yameshachacha. Wanaokaa hapo wana majina ya kazi wasizozifanya. Robow anaitwa Injinia kwa sababu alikuwa utingo wa lori la ng'ombe miaka kumi na mmoja, kazi yake ikiwa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ahmednur ni Mtandao. Simu yake hupata bando Ijumaa kwa Ijumaa, lakini hakuna jambo asilolijua. Lokorio ndiye Sajenti. Alikuwa askari wa akiba upande wa Leparua, akifuata nyayo za wezi wa mifugo, na mpaka leo hawezi kutazama ardhi bila kuisoma. Wa nne ni Siyad, mwenye pikapu, na asubuhi hiyo pikapu ilikuwa imesimama mbele ya benchi, boneti wazi, ikidondosha oili kwenye mchanga tone baada ya tone.

Siyad alikuwa na haraka, au ndivyo alivyojiambia. Nikaha ya binti yake Nafiso ilikuwa kesho baada ya Alasiri, na mama yake mzazi alikuwa Kinna kwa Barwaqo, dada yake Siyad, akingoja kuletwa. Pikapu hiyo iliachwa na marehemu baba yake Siyad, Mzee Abdifatah, na ilikuwa imebeba kila bi harusi wa nyumba hiyo kwa miaka thelathini na minane. Bibi huyo alikuwa amesema kwa simu kwamba hapandi gari nyingine. Akikosa ya mumewe, atabaki na mbuzi wake. Siyad anamjua mama yake. Akisema atabaki, atabaki. Kwa hiyo aliamka mapema, akaona bado kuna tone chini ya gari, akasema apite kijiweni dakika tano tu aulize. Hiyo ilikuwa saa mbili. Sasa ilikuwa saa nne na nusu, na alikuwa kwenye kikombe cha nne.

— Hii ni gasketi ya juu, alisema Injinia, ameinamia enjini mikono nyuma kama mkubwa anayekagua gwaride. Hakuna kitu ingine. Tunafunga nati, mambo imeisha.

— Si jana ulifunga nati? aliuliza Siyad.

— Jana nilifunga kwa nguvu. Leo tunafunga kwa akili.

— Na juzi ulifunga kwa nini? Asho alidakia, huku akichokoa makaa kwa kile kijiti chake chembamba cha chuma, chenye pete upande mmoja.

— Asho, wewe chunga kahawa. Haya ni mambo ya enjini.

— Ngoja kwanza, alisema Mtandao. Gari imekunywa? Hatuwezi kuzungumza juu ya mgonjwa na hajakunywa.

— Imekunywa, alisema Injinia. Jana niliiwekea glasi.

— Na mimi juzi, alisema Sajenti. Ilikuwa imebaki kwa pikipiki ya mwanangu.

— Aa, kumbe! alisema Mtandao. Mimi naiwekea kila nikipita kwenda msikitini.

Siyad aliwashukuru, na alishukuru kwa moyo. Ndiyo ada ya benchi hilo: gari la rafiki likidondosha, hupiti hivi hivi kama humjui mwenyewe, unamimina ulicho nacho. Yeye mwenyewe alikuwa akiitilia lita nzima kila Jumatatu. Cha ajabu, kadiri ilivyonyweshwa ndivyo ilivyozidi kuvuja.

— Mimi nawaambia shida ni lami, Mtandao alisema.

— Lami imefanya nini?

— Hii gari imeishi kwa barabara ya mawe miaka mingapi? Nati zake zilikuwa zinalala kwa kutikiswa, kama mtoto mgongoni. Sasa wameleta lami, gari haitikisiki. Nati zimekosa usingizi, zinafunguka zenyewe.

— Umesikia wapi hiyo?

— Kuna mzungu mmoja nilimwona kwa simu. Alieleza mpaka akalia.

Injinia alitikisa kichwa kwa huruma, maana hakupenda kupitwa.

— Warya, wacha mambo ya simu. Chuma ni kama ngozi, ina vinyweleo. Ikizeeka inatoka jasho. Na hii enjini ilizaliwa nchi ya baridi, halafu mnaiweka kwa jua la Isiolo! Dawa yake ni moja. Ipelekwe Nanyuki ipumzike wiki moja.

— Harusi ni kesho, Injinia.

— Basi harusi ipelekwe Nanyuki.

Wakati huo Sajenti alikuwa ametoweka. Alirudi akitokea pembeni kwa kinyozi, ameinamisha kichwa, akihesabu hatua.

— Nimefuata hii kitu tangu mlangoni kwako, Siyad. Tone moja, hatua nne. Tone moja, hatua nne. Kwa kinyozi yako matatu, mahali pamoja.

— Hapo nilisimama kusalimia watu.

— Watu wangapi?

— Watatu.

— Ejok, vizuri. Inalingana.

Aliketi, akapokea kikombe, akashusha sauti.

— Hii gari haivuji. Inakamuliwa. Ngamia akikamuliwa na mtu asiyemjua, matone yanabaki chini hivi hivi, kwa sababu mkono una woga.

— Sasa nani akamue gari, Sajenti?

— Mtu wa boda. Isiolo ina pikipiki ngapi? Umewahi kuona hata moja ikinunua oili?

Walijaribu kukumbuka, wote wanne. Hakuna aliyewahi kuona. Siyad alianza kuzitazama pikipiki zilizopita, kwa maana nadharia hiyo ilianza kumwingia.

Ndipo simu yake ikalia. Alitazama kioo, akaona ni mama yake, akasimama wima kama mtoto wa madrasa.

— Hooyo, assalaam aleikum.

— Waaleikum salaam. Uko wapi, mwanangu? Nimevaa tangu alfajiri.

— Niko njiani, hooyo. Nakaribia Kulamawe.

Marafiki zake hawakumwacha peke yake. Mtandao aliziba pua akapiga honi ya lori. Sajenti, naye asionekane mchoyo, akalia kama mbuzi.

— Hiyo ni nini?

— Mbuzi, hooyo. Wanavuka barabara.

— Mbuzi wa Kulamawe wana homa, alisema mama yake, akakata simu.

Wenzake walicheka mpaka Injinia akamwaga kahawa. Siyad alicheka pia, kisha akaacha. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, ana ndevu zilizotiwa hina, na alikuwa amemdanganya mama yake akiwa ameshika kikombe mkononi. Alijiona mdogo sana.

— Tufanye haraka basi, alisema. Tunajuaje oili inatokea wapi?

— Hiyo ndiyo swali ya kwanza ya akili leo, alisema Injinia, kana kwamba aliyesema mengine yote ni mtu mwingine. Tunapangusa enjini, tunanyunyiza poda. Pale itakapolowa, ndipo penye kidonda.

— Poda iko wapi?

Poda haikuwepo. Palikuwa na unga wa Asho wa mahamri ya jioni, uliotolewa kwa kelele nyingi na kiapo cha Siyad kwamba utarudishwa. Injinia aliunyunyiza enjini nzima kwa madaha, mpaka ikawa kama kitu kilichoandaliwa kukaangwa. Akaamuru iwashwe. Siyad aliwasha, na lile pangaboi la mbele, ambalo hakuna aliyelifikiria, likafanya kazi yake vizuri kuliko wote waliokuwepo. Wingu jeupe liliruka, likawafunika Injinia, Mtandao, benchi na birika. Mtu wa pancha aliacha tairi akaja kutazama.

Enjini ilipozimwa, unga mwingi ulikuwa umewahamia wao. Uliobaki ulikuwa mkavu, ila pembeni, kuzunguka kibomba kimoja chembamba kilichozibwa kwa kitambaa, ambapo ulikuwa umegeuka ugali mweusi.

— Pale! alisema Siyad. Pale pamelowa.

Injinia alipangusa macho, akatazama, akatabasamu.

— Hiyo ni pua yake. Inapumulia hapo. Hata wewe ukikimbia si pua inatoa maji?

— Na hicho kitambaa?

— Leso, alisema Sajenti.

Siyad alikitazama kile kitambaa. Kilikuwa na mistari ya buluu aliyoijua, kama ya kikoi chake cha zamani, lakini Injinia alikuwa ameshaanza kueleza tofauti ya pua ya enjini ya petroli na ya dizeli, na ni vigumu mtu kufikiri mahali panapoelezwa hivyo. Akaketi. Asho akachokoa makaa, akamimina kilichobaki.

Saa sita alimpigia mama yake. Simu ilikuwa haipatikani. Akapiga tena baada ya robo saa, vivyo hivyo. Barwaqo naye hakushika. Akilini alimwona mama yake ameketi mlangoni kule Kinna, ameshika mfuko wake, amevaa ile nguo mpya, amekasirika asitake hata simu. Alimwona Nafiso kesho akigeuka huku na huku kumtafuta bibi yake. Wenzake wakati huo walikuwa wamefika mahali ambapo oili iliyovuja Isiolo hufyonzwa na ardhi ikatokea kwenye visima vya mafuta vya Turkana, na Sajenti alikuwa akidai sehemu ya watu wa kwao.

Adhana ilipokwisha na kivuli kikabaki upana wa kiganja, lori la vitunguu lilisimama kando ya barabara. Utingo aliruka chini, akafungua mlango kwa heshima kubwa, na bibi mfupi mwenye mfuko wa plastiki akateremka taratibu, akitanguliza mguu mmoja.

— Assalaam aleikum.

Wote walisimama. Hata Sajenti, ambaye kwao kanisani salamu ni habari, aliitikia waaleikum salaam kwa sauti kubwa kuliko wote. Unga ulimdondoka mabegani.

— Hooyo! Umekujaje?

— Kwa vitunguu.

— Ulisema hupandi gari nyingine.

— Nilisema. Halafu nikafikiri, Nafiso anaolewa kesho, na wewe utakuwa Kulamawe mpaka lini?

Siyad alikificha kikombe nyuma ya mgongo.

— Nimepita Kulamawe, alisema bibi. Nikamwomba dereva asimame, nikasema labda mwanangu ameharibikiwa. Nikauliza hotelini. Nikauliza kwa wauza maji. Hata yule mbuzi mgonjwa nilimtafuta.

Sajenti alisoma ardhi. Bibi aliisogelea pikapu, akaweka kiganja kwenye ubavu wake kama mtu anayemsalimia jamaa, kisha akachungulia ndani ya boneti.

— Nani amempaka huyu unga?

— Ni uchunguzi, ayeeyo, alisema Mtandao kwa sauti ndogo.

— Mimi sijui enjini. Lakini niliolewa na hii gari kama nilivyoolewa na mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya chai, Abdifatah alifungua hapa, akachomoa kijiti, akafuta, akarudisha, akachomoa tena, akasoma. Nauliza tu. Kijiti cha kupimia oili kiko wapi?

Injinia alimtazama Mtandao. Mtandao aliitazama simu yake, iliyokuwa haina bando. Siku tatu walikuwa wameizunguka enjini hiyo, wameitilia, wameifunga, wameipaka unga, wameisomea nyayo, na hakuna aliyejua kijiti kiko wapi. Ilisikika sauti moja tu, ya chuma kikigusa makaa. Kisha nayo ikakoma.

Siyad aligeuka. Asho alikuwa ameganda, mkono juu ya jiko, na katika mkono huo kile kijiti chenye pete.

Akakumbuka yote. Ilikuwa siku ya pili ya Idi. Kichokoo cha Asho kilikuwa kimevunjika, kahawa inachelewa, watu wamenuna. Ni yeye Siyad aliyefungua boneti, akachomoa, akampa. Dakika tano tu, alisema. Akachana ncha ya kikoi chake akaziba tundu. Na benchi zima lilimpigia makofi.

Alikwenda akakichukua. Kilikuwa cha moto, kikamchoma vidole, akakishika hivyo hivyo bila kusema kitu. Akang'oa kitambaa, akakifuta kijiti, akakitumbukiza, akachomoa. Oili ilikuwa imepanda karibu na pete. Upendo wote wa kijiwe ulikuwa humo ndani, glasi kwa glasi.

— Alama zimeungua, Injinia alinong'ona. Hatuwezi kujua mwisho ni wapi.

Bibi aliweka ncha ya kidole kwenye kijiti, chini kabisa, bila kukisia.

— Hapa. Hakuwahi kupitisha hapa. Huyu si mgonjwa, mmemshindilia mpaka anatapika.

Akaketi kwenye benchi, kivulini palipobaki, akatazama jiko.

— Nipe kahawa, mwanangu.

— Imekwisha, mama, alisema Asho, na machozi yakamlenga.

Simu ya Siyad ikalia. Ilikuwa Nafiso.

— Aabo, ayeeyo uko naye? Mmefika wapi?

Mtandao, kwa mazoea, alishika pua. Sajenti alivuta pumzi. Siyad aliwainulia mkono wenye vidole vilivyoungua, wakaacha.

— Ayeeyo amefika, alisema. Amejileta mwenyewe. Mimi niko kijiweni, Nafiso. Sijatoka hapa tangu asubuhi.

Bibi alinyanyuka, akachukua mfuko wake, akafungua mlango wa pikapu na kupanda kiti cha mbele, pale wanapokaa mabibi harusi.

— Punguza hiyo oili, alisema. Mimi nitangoja humu.