Gari Lisilo na Nyuma

Benchi letu lipo mbele ya duka la kinyozi, na kinyozi ni mimi, kwa hiyo nikisema "letu" mjue ubao ni wangu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, unabeba watu wanne bila kulalamika na wa tano kwa kuguna. Wa kwanza kufika kila siku ni Waya, fundi umeme wa magari. Karakana yake iko mlango wa pili, lakini ukimhitaji utamkuta kwangu. Wa pili ni Wakili, ambaye hajasomea sheria hata ya barabarani. Anauza viatu vya mitumba na kubishana, na jina kalipata kwa hilo la pili. Shangazi huja na birika lake la kahawa, akakaa kwenye stuli, akanyamaza mpaka upuuzi uzidi. Wa mwisho ni mzee Taratibu, aliyeendesha gari la maiti tangu ujana hadi alipostaafu. Sijapata kumwona akikimbia, iwe barabarani, iwe katika maneno. Mwaka jana alifiwa na mkewe, na ni yeye mwenyewe aliyemwendesha mpaka makaburini. Kilipotoka kiinua mgongo chake, akatutangazia kwamba anataka kununua gari la spoti, na tangu siku hiyo hatukuwa na habari nyingine.

— Kiinua mgongo ununulie gari la kukunja mgongo? Wakili alimwuliza siku ya kwanza. Yale yako chini, mzee wangu. Utaingia kwa kuanguka, utatoka kwa kung'olewa.

— Achukue lenye paa la kukunja, alisema Waya. Upepo unaingia, unaziona mbingu.

— Mbingu atazikuta tu, Shangazi akadakia. Haraka ya nini?

— Mimi nasema lenye ekzosi ya kunguruma, Wakili akashikilia. Wahenga hawakukosea: debe tupu haliachi kuvuma. Gari ni sauti!

Taratibu aliwaacha wamalize, kama kawaida yake.

— Mimi nina sharti moja, akasema. Lisiwe na nyuma.

— Yaani lisiwe na buti?

— Lisiwe na nyuma. Viti viwili, basi, limekwisha. Maisha yangu yote nimeendesha na mtu amelala nyuma yangu. Nimechoka kuangalia kioo.

Tulicheka sana siku hiyo. Yeye hakucheka.

Sasa juzi, jua likiwa la utosi, tukamwona anakuja. Gari jekundu, fupi, pua ndefu, limelala chini kana kwamba linanusa lami. Gari la namna ile ukiliona linakwenda mwendo ule wa pole unadhani limeharibika. Akalisimamisha kando ya ukuta, karibu na benchi letu, Wakili akampa mkono, akang'olewa kama alivyotabiriwa. Gari alikuwa ameliacha linaunguruma. Ndani mlikuwa na kengele ndogo: ting, ting, ting.

— Mwenye yadi ya magari kanipa nilijaribu, akasema. Jioni nilipie au nirudishe. Nalipenda, jamani, nalipenda kama mtoto. Ila kabla sijalilipia, naomba mmoja wenu apande tuzunguke mtaa. Mara moja tu.

Sidanganyi, nilikuwa nimeshasimama. Kisha nikaisikiliza ile kengele.

— Nini hicho kinacholia?

— Mkanda wa abiria, Waya akajibu bila hata kwenda kuangalia. Chini ya kiti kuna kidude kinachopima uzito. Mtu akikaa bila kufunga mkanda, kinapiga kelele. Hakinyamazi mpaka moja kati ya mawili: aliyekaa ashuke, au aufunge.

— Aliyekaa nani?

Tukachungulia wote. Kiti kilikuwa kitupu, mkanda unaning'inia pembeni.

— Basi angekuwa mkeo, Mungu amrehemu, alisema Shangazi, ingelia mpaka betri ife. Yule na mikanda walikuwa paka na panya.

Taratibu akatabasamu.

— Nilimbembeleza miaka yote. Alikuwa ananiambia, "Mkanda ni wa watu wanaokimbia. Wewe hata kobe anakupigia honi. Siku ukikimbia, mume wangu, siku hiyo nitaufunga."

Ting, ting, ting.

— Kutu, Waya akakata shauri. Gari la yadi hilo, limenyeshewa. Ngoja.

Akaingiza kichwa na mkono chini ya kiti, akahangaika, akatoka na ncha ya waya mkononi, ameishika juu tuione.

— Nimechomoa. Kwisha maneno.

Ting, ting, ting.

Waya aliutazama ule waya, akalitazama gari.

— Patakuwa na waya mwingine, akasema.

— Uko wapi?

— Upo.

— Nyie hamjui magari, akaanza Wakili. Mwenye gari wa kwanza alikuwa mnene. Kiti kimemzoea, mazoea yana taabu. Dawa yake rahisi: asiye na mwana aeleke jiwe. Tuweke jiwe pale, tulifunge mkanda.

— Jiwe lifanye nini?

— Liwe mtu.

— Na akipanda mtu?

— Atalipakata.

Nikamwuliza Taratibu imeanza kulia lini. Aliketi kwanza, akapokea kahawa yake, akaizungusha kikombeni.

— Tangu natoka yadi. Nikasema si kitu. Nikaingia barabara kuu, nikataka kukanyaga mafuta nione starehe yake. Mguu ukakataa. Nikaangalia kioo. Magari yamejipanga nyuma yangu, mstari mmoja, taa zimewashwa, jua lote hili. Hakuna anayenipita. Nikapunga mkono: piteni! Hawapiti. Nilipofika sokoni watu wakasimama. Mama mmoja akashusha kapu kichwani. Mwanamume mmoja akavua kofia.

— Wanashangaa gari zuri! alisema Wakili.

— Mtu akishangaa gari anavua kofia? Shangazi akamwuliza.

Hapo ndipo niliona benchi zima limesogea, kidogo kidogo, mbali na lile gari. Ubao ni wangu, najua mahali kila mtu anapokaa.

— Naogopa, akasema Taratibu. Nawaambieni ukweli, naogopa. Kama uzito huu umo kwenye gari, nitalirudisha jioni, nitafute jingine. Lakini kama ninao mimi, hakuna gari litakalonifaa, na macho haya hayana miaka mingi ya barabara. Ndiyo maana nataka mmoja wenu akae pale. Nijue moja.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka uambiwe uubebe wewe.

— Mimi mgongo, alisema Waya.

— Mimi nina mteja wa buti, alisema Wakili. Anakuja sasa hivi. Yuko njiani.

Mimi nikasema nina kichwa nimekiacha nusu ndani. Ndani hapakuwa na mtu.

Na Wakili, kwa kuwa haya hana na kunyamaza hawezi, akaendelea:

— Labda ni mmoja wa wale uliowabeba, mzee. Amechoka kulala nyuma, amekuja mbele. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sisi tutamkataaje?

— Wakili, alisema Shangazi, kunywa kahawa.

Akakinywa kikombe chote kwa mkupuo, na ilikuwa ya moto.

Shangazi akavuta stuli yake mbele ya mzee. Sijawahi kumwona akivuta ile stuli kwa ajili ya mtu.

— Taratibu. Ulikuwa na ile tabia yako ya kazini.

Wote tunaijua. Kabla ya kuondoka na maiti, Taratibu aligonga jeneza mara mbili, akasema, "Twende." Wakifika makaburini, kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa, aligeuka kitini akasema, "Tumefika." Wenzake walikuwa wakimcheka. Yeye aliwajibu kwamba abiria asipoambiwa amefika, atajuaje kwamba ashuke?

— Uliwaambia wote? aliuliza Shangazi.

— Wote.

Akakishusha kikombe chini pamoja na sahani yake.

— Isipokuwa mmoja.

Tulijua ni mkewe.

— Ulisahau?

— Sikusahau. Nilizima gari, nikageuka, mdomo ukakataa. Niliona nikisema tumefika, ndiyo basi tena. Wakafungua mlango, wakamchukua. Mimi nimebaki nimeshika usukani. Mpaka leo sijamwambia.

Nilitaka kumshika bega, na sikumshika. Roho iliniuma, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, na sioni sababu ya kuificha.

Ndipo kengele ikanyamaza.

Ilibaki sauti ya injini peke yake. Waya akaruka kutoka kwenye benchi kama aliyeshinda bahati nasibu.

— Si niliwaambia! Kutu hiyo! Imejiachia yenyewe!

— Mvumilivu hula mbivu, alisema Wakili, na kwa mara ya kwanza methali yake karibu ikae mahali pake.

Tukacheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Shangazi akatumiminia tena. Sasa kila mtu alikuwa shujaa. Waya mgongo ulikuwa umepona. Wakili akasema mteja wa buti anaweza kungoja. Mimi nikasema kile kichwa changu kilikuwa cha mtu mpole, hakina haraka. Tukaanza kugombea nani apande kwanza. Taratibu peke yake hakucheka. Alikuwa ametega sikio, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Akaja muuza maji na mkokoteni wake. Ni mgeni hapa mtaani, hatujawahi hata kumwita jina. Gari lilikuwa limebana njia, ikabidi apitishe mkokoteni kwa kuukwangua ukuta, upande wa abiria, na alipofika dirishani akainama kuangalia, kama kila mtu anavyoangalia gari zuri.

— Habari zenu, wazee.

— Nzuri, pita tu, baba. Usikwangue rangi.

— Samahani, nauliza tu. Mkanda wa huku kaufunga nani, na kiti hakina mtu?

Waya alinitazama. Nikamtazama Wakili. Wakili akatazama viatu vyake. Tangu Waya atoke mle ndani hakuna aliyekuwa ameligusa gari lile, na tulikuwa tumekaa hapo hapo, macho kodo.

Tukainuka kwenda kuona. Mkanda ulikuwa umefungwa. Tena haukuwa umelala kwenye kiti. Ulikuwa umetuna katikati, umepita juu ya kitu, kama mkanda unavyopita juu ya kifua cha mtu, na ulikuwa ukipanda kidogo na kushuka kidogo.

— Mimi niliuacha unaning'inia, Waya akanong'ona. Mliniona. Semeni mliniona.

Taratibu alikuja wa mwisho, magoti hayo. Akaweka mkono juu ya paa, akainama dirishani, akakaa hivyo muda. Nilidhani ataanguka, nikajiandaa kumdaka. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yamemjaa, na mdomo ulikuwa unacheka.

— Leo umefunga, akasema.

Hakuwa anatuambia sisi.

— Taratibu, Shangazi alisema. Mwambie amefika. Mwambie sasa hivi, ashuke, apumzike. Nakuomba, mdogo wangu.

— Hajafika, dada. Hata hatujaondoka.

Akazunguka upande wa usukani. Hakumwomba mtu mkono. Aliingia mle chini kama kijana, akafunga mlango, akafunga mkanda wake. Tukamwona anagonga dashibodi mara mbili. Neno lenyewe hatukulisikia, tuliona midomo tu.

Gari likaruka. Sijui niseme vipi: mtu tuliyempa jina la Taratibu aliondoka pale na vumbi likatuingia machoni, matairi yanalia, ekzosi inanguruma kama Wakili alivyotaka. Tuliliona jekundu lile linapungua, linapungua, mpaka kwenye kona ya mwisho. Taa za breki hazikuwaka. Likakata kona, sauti ikaendelea kusikika kwa mbali, kisha nayo ikapotea.

Muuza maji bado alikuwa ameshika mkokoteni wake.

— Watarudi? akauliza.

Wakili, mwenye jibu la kila kitu, aliendelea kuitazama ile kona. Ndipo nikaona kwamba wote tumesimama wima, na kofia ya Wakili iko mkononi mwake. Sikumbuki ni nani alituambia tusimame.

Shangazi alichukua kikombe cha Taratibu, kilichokuwa bado kinafuka moshi, akakifunika kwa sahani ili kisipoe. Tukarudi kukaa. Tulibanana sote upande mmoja wa ubao, bega kwa bega, bila kuambizana, na ule upande mwingine tukaacha nafasi ya watu wawili.